Mwezi, Ngumi Moja na Kidole cha Zeyana

Alhamisi, 8 Januari

Shajara hii kanipa mjukuu wangu Ulfat. Kasema, bibi, andika, labda utapunguza kusema. Nnaandika. Na nnasema.

Leo nimetukanwa kwenye maulidi nyumbani kwa Bi Nassra. Nimetukanwa kwa adabu, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Zeyana, jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, tunayetazamana madirishani tangu hatujaota meno ya pili, kauliza mbele ya wanawake wote kama mwezi wa Ramadhani mwaka huu ntautangaza mimi tena, au tungoje taa nyingine. Wakacheka. Hata aliyekuwa akigawa kashata kacheka. Nimemwona.

Habari ya taa ni hii. Redioni hutangaza wakubwa wa redioni. Uchochoroni kwetu hutangaza upatu. Upatu wa mama yangu, sahani ya shaba iliyoingia bonde katikati kwa kupigwa. Mwezi ukiandama, mama hupanda juu ya paa akaupiga, na wanawake wa uchochoro mzima wakajua: kesho funga, au kesho Iddi. Mama alipofariki nikaupiga mimi. Mwaka jana nikaupiga kwa Iddi. Watu wakaroweka mchele, wakatia watoto hina. Mimi nikachinja jogoo. Kumbe nilichokiona ni taa ya winchi bandarini. Kesho yake tukafunga, na biriani iko jikoni inatutazama.

Tangu hapo watoto wa mtaani wananiita Bi Winchi.

Bi Nassra ndiye mkubwa wa maulidi yetu, na neno lake halina rufaa. Kahukumu hivi: mwezi wa Shaabani ndio wa mtihani. Nyumba itakayouona kwanza ndiyo itakayokaa na upatu, Ramadhani hii na zote zinazokuja. Na anayesema kaona alete ushahidi wa nje ya nyumba yake. Mtoto hamshuhudii mamake. Mjukuu hamshuhudii bibi yake.

Zeyana kaitikia haraka mno. Kaninyooshea kile kidole chake cha shahada, kilichopinda tangu kilipobanwa na mlango tulipokuwa watoto, akasema, Bi Sichana, anza kuusugua, nisije nikakabidhiwa na kutu. Nikamwambia kidole hicho hata njia ya sokoni Darajani hakiwezi kuelekeza, leo kitaelekeza mwezi?

Jibu zuri. Nikarudi nyumbani. Shaba haishiki kutu, kwanza. Nimeupangusa upatu, nikautia chini ya kitanda. Hautoki humu.

Ijumaa, 9 Januari

Nshapata. Picha.

Ulfat hupiga picha za harusi, ana kamera kubwa kama kichwa cha mbuzi. Picha haina ukoo. Si mwanangu, si mjukuu wangu. Bi Nassra atawezaje kuikataa?

Baada ya sala ya alfajiri nikamwamsha. Mwezi mkuukuu bado ulikuwa juu, nikamwambia nipigie ule nione. Kanung'unika kalala kachoka. Nikamwambia utachoka vizuri ukishazeeka.

Kapiga. Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Mbingu tele, na katikati punje ya chumvi. Nikauliza mwezi uko wapi. Kasema ndio huo. Nikamwambia umetapeliwa, irudishe dukani.

Akaketi kunisomesha. Kasema lenzi fupi inaona mbingu nyingi kwa mara moja, ndiyo mwezi ukapotea humo. Lenzi ndefu inaona kipande kidogo tu, na mwezi ukakua. Kila lenzi ina upana wake wa kuona, na upana huo unapigwa hesabu. Ndani ya kamera mna kigae kinachopokea picha, upana wake milimita ishirini na tatu na nusu. Hiyo unaigawa kwa urefu wa lenzi. Halafu unazidisha kwa hamsini na saba. Unapata digrii.

Nikauliza hamsini na saba imetoka wapi. Kasema ndivyo ilivyo, bibi. Basi na mimi nna mambo yangu ndivyo yalivyo, mbona nnaulizwa kila siku?

Tukapiga hesabu ya lenzi yake ndefu, ya mia tatu. Digrii nne na nusu. Mwezi mzima ni nusu digrii. Nikamwambia digrii siijui, nipimie kwa kitu cha nyumbani. Akasema nyoosha mkono mbele yako. Kidole cha mwisho kinafunika digrii moja ya mbingu. Ngumi inafunika kumi. Lakini mkono uwe umenyooka, bibi, umenyooka kabisa. Kalirudia hilo kama vile nimekuwa kiziwi.

Kwa hiyo: lenzi ndefu inaona vidole vinne na nusu vya mbingu, na mwezi ni nusu kidole. Elimu yote ni hiyo. Na watu wanalipishwa ada.

Nimeshinda mchana kutwa nikipima. Mnara wa msikiti, ngumi mbili. Paka wa Bi Nassra, vidole vitatu. Raha iliyoje.

Jumamosi, 10 Januari

Nimefikiri jambo ambalo Ulfat na skuli zake hakulifikiri. Kamera ni jicho. Na jicho linalokwenda mashindanoni hupatwa na husuda. Zeyana kamwona Ulfat akishuka ngazi nayo, akasema mashaallah kamera kubwa. Lakini mashaallah yake ilikuwa fupi. Iliishia njiani.

Ulfat alipokwenda sokoni nikawasha makaa kwenye chetezo. Nikatia udi, ule mzuri uliorowekwa mafuta, wa Iddi. Sikufanya ubakhili. Nikaivua lenzi ndefu kifuniko, nikaielekeza uso chini juu ya moshi, nikaifunika kanga kama tunavyofukiza nguo za harusi. Nikaisomea ninayoyajua. Ilinukia hata nikaionea wivu.

Nikairudisha mkobani kimya kimya. Kesho inakwenda harusini, mtaa wa Mpendae. Itakwenda na heshima zake.

Jumatatu, 12 Januari

Balaa. Picha za harusi ya Mpendae zilizopigwa kwa lenzi ndefu zote zina ukungu. Bi harusi kama kakaa ndani ya birika linalochemka. Ulfat kaitazama lenzi kwenye mwanga: ina utando wa mafuta kama mchuzi uliopoa. Kainusa lenzi. Halafu akaninusa mimi.

Sikukataa. Nikamwambia afadhali ukungu kuliko kijicho. Akasema bibi, hii ndiyo kazi yangu, ndiyo nnayokula. Macho yakamjaa maji. Hapo nikampa ncha ya kanga yangu ajifute.

Jioni simu ikalia. Mama wa bi harusi, keshatumiwa picha. Ulfat kaishika simu kama kaa la moto. Yule mama kasema hajapata kuona picha kama hizo, mwanawe kama yuko peponi, na dada yake anaozesha mwezi ujao, anataka moshi ule ule.

Nikamwambia Ulfat udi uliobaki uko kabatini. Lenzi kaifuta kwa dawa na kitambaa mpaka ikatakata, na kaniapisha nisiikaribie na chochote kinachowaka. Nimeapa. Hakusema chochote kuhusu marashi.

Jumatano, 14 Januari

Simu ya Ulfat inajua mwezi utakuwa wapi Jumatatu. Unaielekeza juu, inakuchorea. Jua likizama, mwezi utakuwa ngumi moja kasoro juu ya pale lilipozamia, kulia kidogo. Mchanga kabisa, mwembamba kama uzi wa kufumia kofia. Hautakaa sana, utalifuata jua.

Nikatazama mahali penyewe. Ni juu ya paa la Zeyana. Kulia kwa lile tangi lake jeusi la maji. Yaani nyumba kapewa, mtoto mwenye darubini kapewa, na mwezi kapewa yeye.

Maana mwanawe Hafiz kaazima darubini kwa rafiki yake baharia. Kila magharibi wako juu. Zeyana kwenye kiti cha plastiki, kushoto kwa tangi, Hafiz kasimama nyuma yake na darubini usoni, anatazama kila kitu isipokuwa mbingu. Juzi alikuwa akizitazama kanga zangu kambani.

Kisha likanijia. Nilikuwa nnapeta mchele, nikauacha ungo hapo hapo. Kwa nini niupige picha mwezi peke yake kama yatima? Niupige na Zeyana humo humo, mwezi uko kulia, yeye kageuza uso kwengine! Picha moja, hukumu mbili. Nimeuona mimi, na yeye kaukosa ukiwa juu ya tangi lake.

Ulfat hakupenda. Kasema lenzi ndefu haiwezi kuwatia wote wawili, itaona mwezi na kipande cha tangi basi. Ukitaka na Bi Zeyana aingie, tumia lenzi fupi zaidi, na ukiifupisha mwezi utazidi kuwa mdogo. Kasema nikapime kwanza, kutoka mwezi utakapokuwa mpaka kitini. Kwa ngumi. Mkono umenyooka. Yarabi, wimbo ule ule.

Alhamisi, 15 Januari

Nimepanda kupima. Zeyana yuko kitini. Hafiz naye yupo, kasimama pale na masharubu yake. Kanipigia kelele, shikamoo Bi Sichana. Marahaba.

Kaskazi inavuma, inavuta kanga yangu ya kichwa kama mtoto anayetaka pipi. Siwezi kukaa kichwa wazi mbele ya mwanamme wa watu, hata kama nilimfunga nepi. Nikaibana kanga kwapani kwa kiwiko, sawasawa, kisha nikainua ngumi nikapima. Kutoka mwezi utakapokaa mpaka kwa Zeyana: ngumi moja kasoro kidole. Nikapima tena. Ngumi moja kasoro kidole. Hesabu isiyobadilika ndiyo hesabu.

Zeyana kaona nnamwonyesha ngumi. Kasimama kaniuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima wa Mkunazini, kanikosea nini leo. Nikamwambia nnajinyoosha. Akasema mbona hujanyooka.

Mwacheni. Jumatatu si mbali.

Ijumaa, 16 Januari

Ulfat kaigeuza hesabu kichwa chini. Ngumi moja ni digrii kumi. Ishirini na tatu na nusu, mara hamsini na saba, gawa kwa kumi. Ikaja mia na thelathini na kitu. Na anayo lenzi ya mia na thelathini na tano, ile anayopigia nyuso za maharusi! Mambo yakitaka kunyooka hunyooka.

Kaniuliza, bibi, mkono uliunyoosha kweli? Nikamwambia mimi nimenyoosha watoto saba, mkono utanishinda?

Kanionya kwamba kwa lenzi hiyo mwezi utakuwa mdogo, miezi ishirini kama huo inaweza kujipanga toka upande mmoja wa picha mpaka wa pili. Kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikamwambia ukucha unatosha. Nnayetaka awe mkubwa ni Zeyana.

Kasema, bibi, unataka upatu au unamtaka Bi Zeyana? Swali la kijinga. Vyote viko katika picha moja, ndiyo faida ya hesabu.

Jumapili, 18 Januari

Nimepika vileja. Si kwa mapenzi. Nataka kuwa na hakika Zeyana atakaa pale pale kesho, asinihamie upande wa pili wa tangi akaniharibia digrii zangu.

Nikampelekea sahani. Kaipokea, kaiinua, kaitazama chini kama anatafuta hirizi. Kasema vileja vya Bi Sichana na wala si Iddi, kuna nini? Nikamwambia ujirani. Akala kimoja, akasema sukari imepungua. Akala cha pili. Nikaingiza neno langu: kile kiti chako mahali pale kina upepo mzuri, usikihamishe, mgongo wako hautaki jua. Akasema tangu lini mgongo wangu umekuwa wako.

Tukakaa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Kasema, unakumbuka mama yako alikuwa akitupandisha sote wawili, mimi na wewe, na upatu nikiushika mimi kwa chini? Nikasema nakumbuka. Akasema mimi ndiye niliyekuwa nikiuona mwezi kwanza kila mara. Mama yako akisema, Zeyana ana jicho, Sichana ana mkono.

Mama hakusema hivyo. Au alisema akiwa na homa.

Nikachukua sahani yangu. Vileja viwili vilikuwa vimebaki, nikavichukua na vyenyewe.

Jumatatu, 19 Januari

Nitaandika kwa mpango, maana Ulfat kasema mambo yaandikwe kwa mpango.

Alasiri Ulfat kaisimamisha kamera juu ya paa kwenye miguu yake mitatu. Kaielekeza, kaikaza. Mwezi utakuwa pembeni kulia, na kushoto kulikobaki ni kwa Bi Zeyana, kama kweli ni ngumi moja. Kasema usiisogeze, usiipangushe, usiifukize, bonyeza hapa tu. Kisha nikamtoa nyumbani. Isije ikasemwa mjukuu kashuhudia. Kashuka kwenda kukaa na Bi Nassra na wanawake wengine uchochoroni, barazani, walikokuwa wakingoja na birika la kahawa.

Jua likazama. Azana ikatoka. Nikaswali hapo hapo juu, sala ya haraka lakini safi. Nikavaa miwani, nikajibandika kwenye kamera.

Ndani ya kamera: mbingu nyekundu, tangi jeusi, basi. Zeyana hayumo! Nikainua uso: yuko kitini, pale pale. Nikarudi ndani: hayumo. Nikafikiri kamera imemkataa. Nikataka kuisogeza kidogo tu, nikakumbuka amri ya Ulfat, nikaacha. Nikaendelea kuchungulia, labda ataingia mwenyewe.

Mara nikasikia sauti yake. Kapiga kelele, ule, ule pale! Na ndani ya kamera, kutoka kushoto, ukaingia mkono. Mkono peke yake, hauna mwenyewe, mweusi mbele ya wekundu, bangili sita, unaelekeza kulia. Na kulia huko nikajua kuna nini. Bandari iko huko. Winchi iko huko!

Wallahi! Zeyana anaelekeza taa ya winchi. Mwaka mzima nimeitwa Bi Winchi, na leo yeye, mbele ya kamera, kwa mkono wake mwenyewe. Sikungoja mwezi tena. Mwezi wa nini? Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikaing'oa kamera na miguu yake yote, nikashuka nayo ngazi kama msichana, magoti yangu hata hayakuuliza tunakwenda wapi.

Uchochoroni nikamkuta Zeyana kishafika, anahema. Kasema kauona, mwembamba, kulia kwa tangi. Bi Nassra kamwuliza nani mwengine kauona. Zeyana kasema Hafiz. Hafiz kasema kweli kauona. Bi Nassra kasema mtoto hamshuhudii mamake, lete wa nje. Hakukuwa na wa nje. Paa lile ni la kwao peke yao, na huku chini kuta ni ndefu, haionekani mbingu ila utepe. Na kwenda kupanda wote ngazi zile kwa miguu yao, mwezi ungekuwa ushazama. Zeyana kasimama mbele yake. Kasema lakini nimeuona, Bi Nassra, nnakwambia nimeuona. Bi Nassra kasema nasikitika, mwanangu, hukumu ni hukumu.

Ingetosha. Ningenyamaza hapo, upatu ulikuwa wangu. Ulfat kanishika mkono, kanibana hasa. Nikajichomoa.

Nikasema kwa sauti, ushahidi wa nje ninao mimi. Nikasema tazameni Bi Winchi mpya huyu, kanaswa na mkono wake. Nikampa Bi Nassra kamera.

Katazama. Kamwita Ulfat aikuze picha. Ulfat kaikuza, polepole, kama mtu anayefungua sanda. Mkono. Bangili. Kidole cha shahada. Na mbele ya kidole, pale pale kwenye ncha, juu ya wekundu, ukucha wa mtoto mchanga. Mweupe. Safi. Hata ukungu hauna.

Nikasema mkono huo hauna kichwa, unaweza kuwa wa yeyote. Bi Nassra kakielekeza kioo cha kamera kwangu. Kaniambia, Sichana, kidole hiki nakijua tangu siku mlango ulipokibana, na aliyeufunga mlango namjua pia. Kisha kawageukia wanawake. Kasema, kidole kimepinda, lakini kimefika mwezini. Na shahidi ni wa nje, tena adui.

Uchochoro ukalipuka kwa vigelegele. Zeyana kakaa chini barazani, kajifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia.

Wakaniuliza, wewe mwenyewe uliuona? Nikapanda mbio kuutazama. Ulikuwa ushazama.

Jumanne, 20 Januari

Nimeutoa upatu chini ya kitanda. Nimeupangusa. Nimeufunga kwenye kanga ya mama, kisha nikaifungua kanga, nikaubakisha mtupu. Kanga haikuwemo katika hukumu.

Zeyana kaupokea kwa mikono miwili. Hakusema neno la kejeli. Nilikuwa nimejitayarishia majibu matano, yote yakaniozea mdomoni. Kanikaribisha chai. Nikasema nna kazi. Sikuwa na kazi.

Ukutani kwake nimeiona picha. Ishatolewa, ishatiwa fremu ya dhahabu, imening'inia juu ya redio. Ulfat kamtolea. Bure! Nimemwambia Ulfat msaliti. Kasema bibi, ndiyo picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kamera hii, na umeipiga wewe. Picha nzuri, hilo sikatai. Rangi zimekaa.

Jioni Zeyana kapanda kuujaribu. Mwezi wa leo kila mtu kauona, hata vipofu, umenona kama kipande cha ndizi. Kaupiga upatu. Subhanallah. Kama anabisha hodi. Upatu haupigwi hivyo, unapigwa kwenye bonde, na kifundo cha mkono kinalegea. Nilisimama dirishani nikayabana meno. Mwisho sikuweza, nikamwambia pale pale dirishani, katikati! Legeza mkono! Akaniambia njoo basi wewe. Nikafunga dirisha.

Nikafungua tena. Nikasema ntafikiri.

Jumatano, 21 Januari

Nimefikiri.

Asubuhi Zeyana kaleta sahani ya mkate wa kumimina, na ujumbe. Kasema mwezi wa Ramadhani yeye ataona na mimi ntapiga, upatu utabaki ukutani kwake lakini mkono uwe wangu, maana hataki uchochoro mzima uamke kwa kicheko. Bi Nassra karidhia. Ulfat kasema, bibi, mashaallah, umepata upatu na umepata shoga, sasa tulia.

Nimetulia. Nimeula mkate. Sukari imezidi.

Kisha nikamwuliza Ulfat kosa lilikuwa wapi. Kaniambia niinue ngumi kama siku ile. Nikainua, kanga kwapani. Akacheka mpaka akakaa chini. Kasema kiwiko kimekunjwa, bibi, ngumi imekaribia jicho, kwa hiyo inafunika mbingu nyingi kuliko inavyostahili. Ulidhani ni ngumi moja, kumbe ni moja na nusu. Ndiyo Bi Zeyana akabaki nje na mkono wake tu ukaingia. Nikamwambia kiwiko changu kina haya. Chako hakina.

Lakini nimeelewa. Nimeelewa kabisa, na sijui kwa nini wengine hawaoni. Picha ile imeniponza kwa sababu moja tu: haikuwa na kichwa. Ingekuwa na kichwa, watu wangeuona uso wa Zeyana wakati ule, na nna yakini alikuwa kafumba macho. Kabahatisha. Mtu mwenye kidole kama kile hupata kwa kubahatisha.

Ramadhani i karibu. Yeye ataona, mimi ntapiga, sote juu ya paa lake. Vizuri sana. Kamera itabaki paani kwangu, na Ulfat kasema zipo zinazojibonyeza zenyewe ukiziamuru kwa simu. Ngumi moja na nusu ni digrii kumi na tano. Ishirini na tatu na nusu, mara hamsini na saba, gawa kwa kumi na tano. Lenzi ya themanini na tisa. Hapana, nipunguze, ya hamsini, aingie mzima mzima na kiti chake.

Leo nimekwenda Darajani nimenunua pini za ushungi, pakiti nzima. Nikajipiga pini, nikasimama mbele ya kioo, nikanyoosha mkono.

Umenyooka.